Shida Ikikukuta Ugenini: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Ubalozi

Barua nyingi mlizoniandikia safari hii zinaulizia jambo moja: nikikwama katika nchi ya watu, ubalozi wangu utanisaidia mpaka wapi? Nimechagua saba na kuzifupisha, majina nimeyaacha. Katika majibu nitautaja mara kadhaa Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kikonseli (yaani kazi ya kuwahudumia raia walio ugenini) wa mwaka 1963, ambao nchi nyingi sana duniani zimeuridhia. Nautaja makusudi. Anayekwenda dirishani akisema tu "nisaidieni" huambiwa asubiri. Anayejua jina la kile anachokihitaji humpa afisa kazi ya kufanya.

Nimeibiwa mkoba, na pasipoti ilikuwa ndani. Leo Jumanne, ndege yangu ni Ijumaa. Nianzie wapi?

Pole sana. Anzia polisi, kwa sababu ubalozini karatasi ya kwanza watakayokuuliza ni taarifa ya polisi. Ukishaipata, nenda nayo pamoja na picha ndogo, tiketi, na chochote kinachoonyesha uraia wako: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, hata picha ya pasipoti iliyobaki kwenye simu. Kwa siku hizo chache usitegemee pasipoti mpya. Omba hati ya dharura ya kusafiria, ambayo kwa kawaida ni ya safari moja tu ya kurudi nyumbani.

Watu wengi wakishaipata hati hiyo hudhani wamemaliza, kumbe viza na muhuri wa kuingia vimekwenda na ile pasipoti. Waulize uhamiaji wa nchi uliyopo kama unahitaji kibali cha kutokea, na uulize leo, usingoje kufika uwanja wa ndege. Kama utabadilisha ndege katika nchi nyingine, waulize pia shirika la ndege iwapo nchi hiyo inaikubali hati ya dharura. Na pasipoti ile ikipatikana baada ya kutangazwa kuwa imepotea, usisafiri nayo. Interpol ina hifadhidata ya hati zilizoibwa na kupotea tangu 2002, na mpakani namba yako inaweza kuonekana humo.

Nafanya kazi za ndani. Bosi alichukua pasipoti yangu siku niliyofika, anasema ataitunza hadi mkataba uishe. Ana haki hiyo? Nikiwaambia ubalozi, watamwambia?

Dada yangu, hana haki hiyo. Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, na wewe ndiye uliyekabidhiwa. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unasema katika ibara ya 9 kwamba mfanyakazi wa nyumbani anastahili kukaa na hati zake mwenyewe. Shirika hilohilo limeweka kuzuiwa kwa hati miongoni mwa viashiria vya kazi ya kulazimishwa. Neno "kutunza" lisikutulize: mtu anayekutunzia kitu hukupa unapokihitaji.

Ubalozi unaweza kuandika maelezo yako, kumwandikia mwajiri au wizara ya kazi ya nchi hiyo, kukuonyesha mwanasheria, na kukupa hati ya kurudia nyumbani hata kama pasipoti bado iko mikononi mwake. Balozi nyingine zina afisa wa masuala ya kazi au mahali pa kuwahifadhi waliotoka kwa waajiri, ulizia. Hauwezi kuingia nyumbani kwa mtu na kukutoa, wala kufuta sheria ya ukaazi ya nchi hiyo.

Hapo kwenye ukaazi ndipo pana hatari. Katika nchi ambazo mwajiri ndiye mdhamini wa kibali chako, ukiondoka bila mpango anaweza kukuripoti kuwa umetoroka, na kesi ikageuka kuwa yako. Kwa hiyo, kama uko salama kwa sasa, wapigie ubalozi kabla hujatoka, uwape jina kamili la mwajiri, anwani, wakala aliyekupeleka, na miezi ambayo hujalipwa. Sema waziwazi: "Msiwasiliane na mwajiri mpaka niwe nje ya nyumba hiyo." Lakini kama unapigwa, unafungiwa au unanyimwa chakula, toka kwanza, mengine yatafuata.

Ukiambiwa urudi mkayamalize wenyewe, kataa kwa heshima. Omba malalamiko yako yaandikwe na upewe namba ya jalada. Lililoandikwa kwenye jalada ni vigumu kulikana baadaye. Na usitie saini karatasi yoyote ambayo hukusomewa kwa lugha unayoielewa, iwe imetoka kwa mwajiri, kwa wakala au kwa yeyote.

Mdogo wangu amekamatwa nje, siku ya tano sasa. Ubalozi unasema haujapata taarifa yoyote. Wanatuficha?

Inawezekana kabisa hawajui. Ibara ya 36 ya ule Mkataba wa 1963 inawataka polisi wamweleze mgeni waliyemkamata, bila kuchelewa, kwamba ana haki ya ubalozi wake kuarifiwa. Ubalozi huarifiwa yeye mwenyewe akitaka. Asipoambiwa, au akiambiwa akanyamaza kwa hofu, hakuna atakayepiga simu. Zipo nchi zilizokubaliana kuarifiana kwa vyovyote, lakini msibahatishe kwa hilo.

Taarifa itoke kwenu leo: jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, mji aliokamatiwa, na kituo kama mnakijua. Afisa wa ubalozi ana haki ya kumtembelea, kuzungumza naye, kuandikiana naye barua na kumpangia wakili, isipokuwa mwenyewe akikataa wazi. Katika ziara hiyo ataangalia kama ameumizwa, kama anapata dawa na mkalimani, kisha ataleta salamu zake kwenu. Kwa mtu aliye mahabusu ya ugenini, sauti moja inayozungumza lugha yake ni msaada mkubwa kuliko tunavyofikiri tulio nje.

Msiombe wamtoe, maana hawana uwezo huo. Ubalozi hauingilii mahakama, haumtetei mtu kortini, na kwa kawaida haulipi wakili, dhamana wala faini. Orodha ya mawakili wanaofanya kazi kwa lugha mnayoijua mtapewa. Kumchagua na kumlipa ni juu yenu, kwa hiyo anzeni kujichanga mapema.

Nalisisitiza hili kwa sababu ucheleweshaji umewahi kugharimu maisha. Ndugu wawili raia wa Ujerumani, Karl na Walter LaGrand, walihukumiwa kifo huko Arizona, Marekani, bila kuelezwa haki hiyo kwa wakati. Ujerumani ilikuja kujua baada ya hukumu. Wote wawili waliuawa mwaka 1999. Mwaka 2001 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Marekani ilivunja Mkataba, na kwamba haki iliyomo katika ibara ya 36 ni ya mtu mwenyewe pia, si ya serikali yake peke yake. Mkipata njia ya kumfikishia ujumbe mdogo wenu, mwambieni aseme hivi mbele ya polisi na hakimu: "Naomba ubalozi wangu uarifiwe."

Kwa msomaji aliyeikimbia serikali yake na kuomba ukimbizi, shauri ni tofauti. Huyo anaweza kukataa ubalozi usiarifiwe, na kabla ya kusema lolote azungumze na wakili.

Chuo cha nje kinataka vyeti vyangu "vithibitishwe". Nivipeleke ubalozini?

Kwanza kiulize chuo kama kinataka apostile. Huo ni muhuri uliotokana na Mkataba wa Hague wa 1961. Ikiwa nchi iliyotoa cheti na nchi inayokipokea zote ni wanachama, muhuri huo unatosha na ubalozi hauhusiki. Hutolewa na mamlaka ya nchi ilikotoka hati. Kama mojawapo si mwanachama, hapo ndipo cheti hupita wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi inakokwenda. Tafsiri ifanywe na mtafsiri anayetambuliwa na hao wanaopokea, la sivyo utalipa mara mbili.

Nchi niliyopo haina ubalozi wetu.

Tazama tovuti ya wizara yenu ya mambo ya nje. Mara nyingi ubalozi ulio nchi jirani huwa umepewa jukumu la nchi uliyopo pia, au yupo konseli wa heshima, ambaye huwa mkazi wa hapo mwenye shughuli zake na mamlaka yenye mipaka. Wapo pia wanaohudumiwa na ubalozi wa nchi nyingine kwa makubaliano, kama raia wa Umoja wa Ulaya wanavyosaidiwa na balozi za nchi wanachama wenzao. Jiandikishe kwa ubalozi unaohusika ukiwa bado huna shida yoyote.

Nina uraia wa nchi mbili. Nikiwa katika mojawapo, ile nyingine itanisaidia?

Usiitegemee sana. Kanuni iliyoandikwa katika Mkataba wa Hague wa mwaka 1930 ni kwamba nchi haiwezi kumkinga raia wake dhidi ya nchi nyingine ambayo yeye ni raia wake pia. Siku hizi baadhi ya balozi hujaribu, ila nchi uliyopo ina haki ya kukuhesabu kuwa wake tu.

Baba amefariki akiwa safarini. Tunataka kumrudisha nyumbani.

Poleni sana, Mungu awape subira. Mpigieni afisa wa kikonseli hata kama ni usiku. Balozi nyingi zina namba ya dharura. Mchagueni mtu mmoja wa familia wa kuzungumza nao, mwandike barua ya kumtambulisha, kwa sababu ndugu watatu wakitoa maagizo matatu kazi itasimama.

Kwa kawaida zitahitajika hati ya kifo ya nchi aliyofia, cheti cha mwili kuhifadhiwa kwa dawa, uthibitisho kwamba hakufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, jeneza lililozibwa, na barua ya ubalozi ya kuruhusu mwili usafirishwe. Kama polisi wanachunguza, mwili hautatoka mpaka wamalize, na ubalozi unaweza tu kuulizia kesi imefikia wapi.

Gharama kwa kawaida ni za familia. Kabla ya kuchangisha, tafuteni bima ya safari aliyokata, au mkataba wake wa kazi kama alikwenda kikazi, maana usafirishaji wa mwili mara nyingi umo humo. Msimtumie mtu yeyote fedha kabla afisa hajawathibitishia jina la kampuni ya mazishi na ankara yake. Mkiamua azikwe hukohuko, semeni mapema ili kibali kitafutwe. Kwa vyovyote ombeni nakala kadhaa za hati ya kifo zilizothibitishwa, kwa sababu benki, bima na mahakama ya mirathi kila mmoja atataka yake.