Matamshi ya Kiingereza: Yanayokera na Yanayokwamisha

Makosa ya matamshi yanayowakera watu mara nyingi siyo yanayovuruga mawasiliano. Mtu akisema "ekspreso" badala ya "espreso", wanaokunja uso ni wengi, lakini hakuna aliyeletewa chai kwa sababu hiyo. Akitamka "fifteen" ikasikika "fifty", hakuna anayekereka, kwa kuwa kosa halijulikani mpaka hesabu ikatae. Ukitaka kunyoosha matamshi yako, au ukiona huna budi kumrekebisha mwenzako, shughulikia kwanza yanayokwamisha. Yanayokera tu yanaweza kusubiri, na mengine hayahitaji kuguswa kabisa.

Kubwa kuliko yote ni mkazo, yaani nguvu inayopewa silabi moja ya neno kuliko nyingine. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara, kwa hiyo hatujazoea kujiuliza uko wapi. Kiingereza huuhamisha, na silabi zinazobaki bila mkazo huminywa hadi irabu zake zinakaribia kumezwa. Chukua "photograph", inayotamkwa FO-ta-graf. Mpiga picha ni "photographer", fa-TO-gra-fa. Kivumishi chake, "photographic", ni fo-ta-GRA-fik. Shina ni lilelile, lakini mkazo umekaa mahali patatu tofauti, na ulipohama umebadilisha irabu za jirani. Msikilizaji aliyezaliwa na lugha hiyo hulitambua neno kwa kushika silabi yenye mkazo. Ukiipa nguvu silabi nyingine, anaanza kutafuta neno ambalo hukulisema, hata kama kila herufi umeitamka sawasawa.

Habari njema ni kwamba viishio vinasaidia. Neno likiishia na "-tion", "-sion", "-ic" au "-ity", mkazo huangukia silabi inayotangulia kiishio hicho: e-du-KEI-shn, i-ko-NO-mik, i-lek-TRI-si-ti. Wakaidi wapo, kama "politics" na "Arabic", ambayo mkazo wake uko mwanzoni kabisa, lakini ni wachache kiasi cha kukaririka. Maneno kama "record", "permit" na "import" yana kanuni nyingine: yakiwa nomino, mkazo uko mwanzo, yakiwa vitenzi, uko mwisho. Usiitumie kanuni hiyo kila mahali, kwani "report" na "control" hazihamishi mkazo kamwe.

Irabu inayominywa haina herufi yake, nayo ndiyo inayosikika zaidi kuliko zote katika Kiingereza. Ili kuitoa, legeza ulimi, fungua mdomo nusu, toa sauti fupi isiyo "a" kamili wala "e" kamili. Bila sauti hiyo, "comfortable" hugeuka kuwa "komfoteboli", silabi tano, wakati wenyewe wengi husema KAMF-ta-bl, silabi tatu. "Vegetable" nayo ni VEJ-ta-bl. Tabia yetu ya kuheshimu kila herufi ni nzuri sana katika Kiswahili, ambamo maandishi na sauti vinakwenda pamoja. Katika Kiingereza inatuponza.

Turudi kwenye namba, maana hapo ndipo hasara inapoingia. Watu hufundishwa kwamba "fifteen" ina mkazo mwishoni na "fifty" mwanzoni. Ni kweli neno likiwa peke yake, lakini likitangulia nomino mkazo wa "fifteen" mara nyingi husogea mbele, na hapo zote mbili zinafanana. Cha kutegemea zaidi ni mwisho wa neno: irabu ndefu yenye "n" inayosikika wazi katika "fifteen", na "ti" fupi katika "fifty". Kwenye fedha, dawa au muda wa miadi, taja na tarakimu moja moja: "one five" au "five zero". Marubani hutaja tarakimu moja moja kwenye redio kwa sababu hiyohiyo.

Jambo jingine lisilofundishwa vya kutosha ni urefu wa irabu kabla ya konsonanti ya mwisho. "Seat" na "seed" hazitofautishwi na "t" na "d" peke yake. Irabu ya "seed" huvutwa zaidi, na sikio la mwenye lugha hutegemea mvuto huo sana. Ndivyo ilivyo kwa "back" na "bag". Ukishindwa kuitoa "d" au "g" ya mwisho vizuri, vuta irabu na utaeleweka. Usichomeke irabu mwishoni ili kujisaidia: "bagi" na "sidi" zinaongeza silabi, na silabi ya ziada huvuruga kuliko konsonanti dhaifu.

Kiishio "-ed" kina kanuni fupi. Kikifuata sauti ya "t" au "d", hutamkwa "id": "wanted", "needed". Kikifuata sauti isiyotetemesha koo, kama "k", "p", "s" au "ch", ni "t" tupu. Kwa hiyo "worked" ina silabi moja, siyo "weked". Kwingineko ni "d", kama katika "called". Na wanaosema "sink" wakikusudia "think" wajikumbushe kwamba sauti hiyo wanayo tayari: ni "th" ya thelathini. Ya "this" ni "dh" ya dhahabu.

Kuhusu tahajia, lawama si za msomaji. William Caxton alianzisha mtambo wa uchapaji Uingereza mwaka 1476, na maandishi yakaanza kuganda wakati matamshi ya irabu ndefu za lugha hiyo bado yanabadilika. Kisha wasomi wakaongeza yao: "debt" iliandikwa zamani bila "b", wakaichomeka ili ifanane na Kilatini "debitum". Haikutamkwa wakati huo, na haitamkwi leo. "Receipt" ni ri-SIIT. "Determine" huishia na "min", "purchase" huishia na "chas". Maneno ya aina hii hayana njia ya mkato, yanakaririwa.

Sasa yale yanayochemsha damu za watu mitandaoni. "Aks" badala ya "ask" si uvivu wa ulimi. Maumbo yote mawili yalikuwepo katika Kiingereza cha kale, na mshairi wa Kiingereza Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliandika "axe". Kubadilishana nafasi kwa sauti namna hiyo ndiko kulikozaa "bird", ambayo zamani ilikuwa "brid", na leo hakuna anayeilalamikia. "Nuclear" hutamkwa "NYU-kyu-la" na wengi kwa sababu Kiingereza kimejaa maneno yanayoishia hivyo, kama "circular" na "molecular", ilhali "kli-a" ni mwisho adimu. Kamusi ya Merriam-Webster huiorodhesha, ikiwa na alama ya ÷ inayoonya kwamba wapo wasioikubali. "Schedule" yenye "sk" ni ya Marekani, yenye "sh" ni ya Uingereza ya jadi. "Often" yenye "t" na isiyo na "t" zote zimo kamusini. Anayekukatiza kwa haya anakupotezea muda tu.

Ukilazimika kumrekebisha mtu, usimkatize. Lirudie neno kwa matamshi sahihi ndani ya jibu lako, kwa sauti ya kawaida, kisha endelea na hoja. Asipolishika na neno lenyewe ni la kazi yake, mwambie mkiwa wawili, kabla hajasimama mbele ya watu. Neno moja kwa wakati, na anza na mkazo. Lafudhi yake iache. Lafudhi si kosa.

Kwa mazoezi yako mwenyewe, orodhesha maneno kumi unayoyatumia sana kazini na uyatafute katika kamusi ya mtandaoni yenye sauti. Alama ndogo ya mkazo (ˈ) hukaa kabla ya silabi inayohusika, na wengi huisoma kinyume. Neno refu lianzie mwishoni: "particularly" ianze kama la-li, kisha kyu-la-li, TI-kyu-la-li, na mwisho pa-TI-kyu-la-li. Jirekodi, usikilize kesho yake. Ukisikiliza papo hapo utasikia ulichokusudia. Unaweza pia kuijaribu programu ya simu inayoandika unachosema, ila ipe neno moja moja. Ukiipa sentensi nzima, itabahatisha kwa maneno ya jirani na kuandika "seed" hata kama ulitamka "seat".