Kichwa hakilali, Shangazi

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni wakala wa pesa hapa Mbagala, nina miaka 27. Mwezi wa tatu nilituma shilingi 80,000 za mteja kwenye namba siyo, na hazikurudi. Tangu hapo kila usiku napitia miamala ya siku nzima kichwani. Saa nane nashika simu, nasoma meseji moja moja. Nikimaliza naingia kwenye kodi ya fremu, ada ya mdogo wangu, na nitaolewa lini. Mama ananiambia nisali, niache kuwaza. Nasali, nakunywa chai ya rangi saa tatu nitulie, wapi! Nifanyeje?
Wakala, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana. 80,000 kwa wakala ni kamisheni ya siku nyingi, haisahauliki hivi hivi. Kusali usiache. Ila hilo la "acha kuwaza" silikubali, maana wazo ukilifukuza ndiyo kwanza linaganda.

Kinachonisumbua kwenye barua yako ni ile simu ya saa nane. Ukishasoma meseji unapata nafuu kidogo, na kichwa kinazoea kwamba bila kukagua hakuna usalama. Kesho kinakuamsha tena. Kwa hiyo ukaguzi uwe mmoja tu, palepale kwenye fremu. Kabla ya kufunga andika kwenye daftari floti iliyobaki (pesa ya kwenye simu), keshi ya kwenye droo, jumla. Piga mstari, weka saa na sahihi yako. Nyumbani simu ichajiwe mbali na kitanda. Usiku wa kwanza mkono utaitafuta na moyo utakwenda mbio. Vumilia, woga ule hupanda, kisha hushuka wenyewe.

Kodi, ada na ndoa hazina meseji ya kukagua. Hizo zitengee muda. Mwaka 1983 Thomas Borkovec na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, Marekani, walichapisha utafiti ambao watu walitenga nusu saa kila siku, muda uleule, mahali palepale, ya kuhangaika na mambo yao. Wasiwasi ukija saa nyingine, wanauahirisha. Ulipungua. Wewe chukua saa kumi jioni, kabla wateja wa kutoka kazini hawajajaa. Chagua jambo moja, andika hatua moja ya kesho. "Ada" si hatua. "Kumwomba mhasibu wa shule nilipe kwa awamu" ni hatua. Hata wale bibi wa Harare, Zimbabwe, wanaokaa na watu wenye mawazo mengi kwenye mabenchi ya zahanati na kuwasikiliza, mpango alioanzisha Daktari Dixon Chibanda mwaka 2006, huanza hivyo: mtu anamwaga yote, kisha linachaguliwa moja.

Chai ya saa tatu iache. Mwili huchukua kama saa tano kupunguza kafeini kwa nusu tu, hivyo saa nane bado unayo. Na usingizi ukigoma, usigaragare; amka, ukae sebuleni mpaka macho yawe mazito.

Hali hii ikizidi wiki kadhaa, ukakosa hamu ya kula, au likaja wazo la kutotaka kuishi, usisubiri barua yangu. Nenda hospitali, Muhimbili wana kitengo cha afya ya akili.

Hukuniambia kodi ya fremu unadaiwa miezi mingapi, na kama umeshakaa na mwenye fremu mkazungumza. Kesho saa kumi anza na hiyo.