Uzamili wa haki za watu wenye ulemavu bila shahada ya sheria

Dada, umeuliza kama afisa ustawi wa jamii asiye mwanasheria anaweza kusomea uzamili wa sheria na sera za ulemavu. Anaweza. Angalia tu aina ya shahada: LLM (uzamili wa sheria) mara nyingi hudai msingi wa sheria, MA au MPhil (uzamili usio wa sheria pekee) huwa na mlango mpana zaidi. Galway (Ireland) na Pretoria (Afrika Kusini) ni vyuo vinavyojulikana kwa fani hii.

Kabla ya kuomba, soma Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, hasa ibara ya 12. Mtu mwenye ulemavu wa akili anafika benki, kitambulisho mkononi, karani anamgeukia aliyemsindikiza: “Anataka kutoa kiasi gani?” Ibara hiyo inasema ana uwezo wa kisheria sawa na wengine; akihitaji msaada wa kuamua asaidiwe, asiamuliwe. Hapo uzoefu wako ni hazina kubwa. Kwenye barua ya maombi simulia kisa kimoja ulichoshughulikia, bila kumtaja mhusika.

Na kama utahitaji mkalimani wa lugha ya alama au vitabu vya nukta nundu, uliza mapema. Chuo kinachosuasua kujibu hilo, mimi nisingekichagua.