Mwanangu, ovaroli ya kaka yako ipo

Mwanangu kipenzi,

Salaam nyingi kutoka hapa nyumbani Tanga. Mimi mzima, ni miguu tu inayonisumbua ikifika jioni. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Umeniuliza: "Mama, bado unanilaumu kwa kutokuja siku ile ya kugawa nguo za marehemu kaka?" Ukasema tangu tuitazame ile filamu ya pili ya Wakanda, Wakanda Forever, pamoja, siku ya Idi, usingizi umekupaa. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningelia kabla sijasema neno.

Sasa sikulaumu. Ila nilikulaumu, mwanangu, sitakuficha. Siku ile nilitandika mkeka uani, nikapanga mashati yake, kanzu mbili, na vile viatu alivyonunua akavivaa mara moja tu. Kila mlango ulipolia shangazi yako aligeuka kuangalia kama ni wewe. Ukapiga simu ukasema umebanwa na kazi. Nilijua si kazi. Mama yako mdogo akajaribu kukutetea, nikamgeukia kwa maneno mazito mbele za watu, kama kwamba yeye ndiye aliyeniulia mwanangu. Nilikuja kumwomba radhi baadaye, akanisamehe.

Ndiyo maana uliniona nimeinamisha kichwa pale Malkia Ramonda wa Wakanda anapomvua kamanda wake Okoye cheo chake. Amempoteza mume, amempoteza mwana, Mfalme T'Challa, na sasa binti aliyebaki, Shuri, katekwa, basi hasira zote zinamwangukia mwanamke aliyemtumikia kwa uaminifu miaka yote. Uliniambia Angela Bassett, aliyemwigiza malkia huyo, alitajwa kuwania Oscar kwa kazi ile. Mimi sikumwona mwigizaji pale. Nilijiona mwenyewe, uani.

Tulipokuwa tunakunywa chai ukanieleza habari za yule kijana, Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa. Kwamba aligunduliwa saratani ya utumbo mpana mwaka 2016, akaendelea na kazi huku akitibiwa, filamu ya kwanza ikatoka 2018 dunia nzima ikimshangilia, na wengi hawakujua kuwa anaumwa mpaka alipofariki Agosti 28, 2020, akiwa na miaka 43. Neno hilo la kuficha maradhi lilinichoma. Kaka yako naye alikuwa akiniambia "ni uchovu tu, mama," huku anajishika ubavu anapoinuka. Nimekaa na hasira juu ya hilo muda mrefu. Siku hizi nadhani alitaka nimtazame kama mwanangu mzima kwa siku alizobakiwa nazo.

Ukanieleza pia kwamba Ryan Coogler, mwongozaji wa filamu hizo, alikuwa ameshaandika hadithi nyingine, na baada ya msiba nusura aiache kabisa kazi ya filamu. Kisha hawakumtafuta mtu mwingine wa kuvaa nafasi ya T'Challa. Kuna waliolalamika, na hoja yao naielewa. Lakini mimi niliyeona kiti cha kaka yako mezani nashukuru walivyofanya. Walikiacha wazi, wakaketi kukizunguka, wakaendelea kula. Na pale mwanzo, picha za Chadwick zinapopita bila muziki wowote, ulisikia nyumba nzima ilivyonyamaza? Hata wale watoto wa jirani.

Vita vya baharini havikunishika sana. Kilichonishika ni Ramonda na binti yake Shuri porini, karibu na maji, wamewasha moto. Mwaka umetimia tangu T'Challa afe, mama anataka wazichome zile nguo nyeupe walizovaa mazikoni, waondoe msiba. Anamwambia binti kwamba amemhisi mwanawe kwenye upepo. Shuri anakataa. Anasema akikaa kumfikiria kaka yake hataishia kuchoma nguo, atauchoma ulimwengu. Hapo ndipo wewe ulipoinuka ukaenda chumbani kwa muda, nami nikabaki nashika kikombe kilichokwisha poa.

Mwanangu, siku ile ndipo nilipokuelewa. Wazee wetu wana siku ya kuanua tanga, wana arobaini. Nilidhani siku hizo ziliwekwa ili huzuni iishe. Sasa naona ziliwekwa ili watu wapate ruhusa ya kurudi makwao, wakalime, wakapike, wakafungue maduka. Huzuni yenyewe hakuna aliyeipangia siku. Mimi ya kwangu ilinipa nafasi siku ile ya mkeka, nikagawa kanzu na nikapumua. Wewe hukuwa umefika. Kosa langu ni kukuvuta mkono.

Hukuiona sehemu ya mwisho, basi nikusimulie. Shuri anakwenda Haiti, kwa Nakia, mpenzi wa marehemu kaka yake. Huyo Nakia, anayeigizwa na Lupita Nyong'o, naye hakwenda mazikoni, alikuwa na sababu zake. Shuri anakaa peke yake ufukweni, anawasha moto, anazichoma nguo zile. Mama yake hayupo tena kumwona. Halafu anamkumbuka kaka yake, kimya, machozi yanamtoka. Nililia pale, lakini hasa nilimlilia yule mama aliyekufa kabla ya kuona binti yake amefika. Nikamwomba Mungu asinifanyie hivyo.

Basi ukija Shaabani usije na mzigo wa kuomba radhi. Siku ile ya mkeka kuna kitu kimoja sikukitoa, wala shangazi yako hajui. Ni ile ovaroli yake ya buluu ya kazini, aliyokuwa akiivaa kutengeneza mashine za boti. Mfuko wa kushoto una doa la grisi, na ndani yake kulikuwa na spana ndogo namba kumi, nimeiacha humohumo. Iko kwenye kapu la ukindu juu ya kabati langu, nimeifunika kwa kanga. Ni yako. Utaamua mwenyewe uigawe, uivae, au uiache palepale mpaka mwaka mwingine.

Sijaifua. Bado inanuka petroli.

Mama yako