"Fizzy" si lazima iwe soda

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhudumu wa mkahawa hapa Nyali. Juzi mgeni Mwingereza aliniagiza kitu "fizzy", nikampelekea soda ya ndimu. Kumbe alitaka maji! Neno hili lina maana gani hasa? Na mbona menyu yetu imeandika "sparkling"?

JIBU: Marahaba. Kwa neno lenyewe hukukosea, maana soda nayo ni "fizzy". Lakini neno hili halisemi chochote kuhusu sukari wala ladha. Linasema tu kwamba kinywaji kina gesi. Asili yake ni mlio: fungua soda baridi, ile "fsss" unayoisikia ndiyo iliyozaa neno. Ni kaboni dioksidi iliyoshindiliwa ndani ya kinywaji, na kizibo kikitoka, nayo yatoka mbio. Matamshi yake yanakaribia fizi za meno, ingawa ni sadfa tu.

"Sparkling" huacha mlio, hutazama viputo vinavyometameta. Ndilo neno la menyu, la maji ya chupa na mvinyo. "Fizzy" ni la mazungumzo, na Waingereza hulipenda sana. Mmarekani mara nyingi atakwambia "soda" au "pop". "Carbonated" liachie lebo ya chupa, mezani linasikika kama somo la kemia.

Maji yasiyo na gesi huitwa "still". Tafadhali usilielewe kama "bado". Hapa maana yake ni kutulia. Soda iliyoachwa wazi hadi ikaishiwa gesi huwa "flat", na mgeni akilitaja neno hilo, mbadilishie chupa bila kubishana.

Sasa hili ndilo muhimu kwako. Mgeni akionja madafu au juisi ya ukwaju akasema ni "a bit fizzy", usitabasamu ukadhani amesifu. Anakwambia imechacha. Hamira za hewani zimeshaila sukari na kutoa gesi ileile ya kwenye soda. Iondoe mezani, uombe radhi. Ila kama alichoagiza ni mnazi, mwache anywe. Povu lile ni lake.