Tope Limegoma Kuzama

Tope la mtambo wetu wa maji taka linafurika juu ya tenki la kutulizia. Bosi anasema limezidi, tulitoe. Kweli? (Fundi, kiwanda cha juisi, Chang'ombe)

Pima kwanza, fundi. Jaza chombo cha lita 1 kutoka tenki la hewa, kiache dakika 30, usome tope limeishia mililita ngapi. Chuja sampuli nyingine, ikaushe kwenye oveni ya nyuzijoto 105, uipime ni gramu ngapi kwa lita. Kisha gawanya mililita kwa gramu. 800 kwa gramu 8 ni 100: tope ni jingi tu, bosi kasema kweli. 800 kwa gramu 3.2 ni 250, na ukivuka 150 hapo limevimba. Bakteria wa nyuzinyuzi wametanda humo kama sufi ya mto, ndiyo maana halishuki. Ukilitoa kwa pupa, mzigo wa uchafu unabaki uleule na bakteria wa kuubeba wamepungua.

Letu halina nyuzi nyingi ila linavutika kama mlenda. Tunatengeneza soda. (Ubungo)

Mlenda! Umelieleza kuliko vitabu. Hiyo ni njaa. Maji yenu yamejaa sukari lakini hayana naitrojeni wala fosforasi ya kutosha, basi bakteria wanakula bila kukua na kujizungushia ute. Kipimo cha kuanzia ni BOD (oksijeni ambayo bakteria wanahitaji kula uchafu wa maji) 100, naitrojeni 5, fosforasi 1. Kama maji yenu hayana kabisa, kila kilo 100 za BOD zinataka kilo 5 za DAP na kilo 9 hivi za urea. Ndiyo, mbolea ileile ya mahindi. Iyeyusheni na kuidondosha polepole mchana kutwa. Ndoo nzima asubuhi itapita tu na maji.

Tumwage klorini?

Kwa mlenda, hapana. Kwa nyuzi, sawa, ila kwenye bomba la tope linalorudi, si tenkini: anza na kilo 2 hadi 3 za klorini halisi kwa siku kwa kila kilo 1,000 za tope lililomo mtamboni. Maji ya mwisho yakianza kuwa meupe, punguza. Inakata nyuzi tu. Kilichoziotesha kipo palepale.

Usiku tunazima blowa, mashine ya kupuliza hewa tenkini, kuokoa umeme. Kuna ubaya? (Barabara ya Nyerere)

Kumbe ndipo zinapooteshwa! Oksijeni isishuke chini ya miligramu 2 kwa lita, hasa saa maji ya kuoshea mitambo yanapoingia. Baadhi ya nyuzi hizo hustawi pale bakteria wazuri wanapokosa pumzi. Kama bili inauma, punguzeni kasi ya blowa, msizime.