Ukipewa kazi ya kufundisha wahudumu wa kliniki ya methadoni, anzia dirishani

Kama umewahi kuitwa kuandaa mafunzo ya kutibu uraibu wa heroini, ratiba unaijua. Asubuhi ya kwanza ni utambulisho, matarajio ya washiriki, halafu slaidi za ubongo zenye mishale ya rangi. Ikifika chai ya saa nne, nusu ya chumba iko kwenye WhatsApp chini ya meza. Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, Dar es Salaam, kisha nikaanza kuitwa kufundisha wenzangu wa mikoani, na ushauri wangu kwa mwezeshaji mpya ni huu: slaidi za ubongo zihamishie mchana wa siku ya pili. Asubuhi ya kwanza wapeleke washiriki kwenye dirisha la dawa.

Kazi yote iko pale. Mteja anafika, namba yake inatafutwa, sura inalinganishwa na picha, anaulizwa amelalaje na ametumia nini tangu jana. Anapimiwa dawa yake ya maji, anainywa mbele ya mtoaji, kisha anasemeshwa au anapewa maji ili ijulikane kwamba imeshuka. Ni kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Mshiriki akisimama nyuma ya mtoaji dawa asubuhi moja tu, atamwona kijana anayenuka gongo, mama aliyebeba mtoto mgongoni anayewahi maandazi yake, mzee aliyeanza unga tangu ulipoingia mjini miaka ya 1980, na yule anayebana midomo kwa sababu dozi bado iko kinywani. Mkirudi darasani watakuwa na maswali yao wenyewe. Hapo unafundisha watu wanaotaka kujua.

Ila kabla hamjatoka, wape nafasi ya kutoa hasira. Hasira ipo. Wauguzi ni watu wa mitaa hiyohiyo: mmoja ameporwa simu Manzese, mwingine mdogo wake wa tumbo moja ameuza vyombo vya nyumbani mpaka mtungi wa gesi wa mama. Ukijifanya huioni, itakuja kutokea dirishani, kwa mkono unaotupa kikombe badala ya kukikabidhi. Mimi hugawa karatasi zisizo na jina, kila mtu aandike anachofikiri kweli kuhusu mateja, kisha nazisoma kwa sauti bila kumkosoa yeyote. "Wamejitakia." "Fedha hizi ziwatibu watoto kwanza." "Nawaogopa." Baada ya hapo namkaribisha mteja wa siku nyingi, aliyetulia kwenye dawa, ajibu anayotaka kuyajibu. Na huyu mlipe posho sawa na mwezeshaji mwingine. Niliwahi kuona mahali fulani mtu wa namna hii akipewa soda na nauli, huku daktari aliyesoma slaidi akisaini posho kamili. Washiriki waliliona hilo, na sidhani kama walichukua somo jingine siku ile.

Sasa dozi. Hapa usikimbie, hata kama ratiba inakubana.

Hatari kubwa iko kwenye wiki mbili za kwanza. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu. Kwa watu wengi nusu yake bado ipo baada ya saa 24 mpaka 36, na wapo wanaozidi hapo. Ukilisema hilo kwa mdomo wataliandika na kulisahau. Mpe mtu chaki. Mteja ameanza na miligramu 30, na kwa ajili ya hesabu tuseme kesho yake saa ileile nusu imebaki. Akinywa nyingine 30, mwilini kuna 45. Siku ya tatu ni 52 na nusu. Siku ya nne ni 56 na kitu. Dirishani anapewa 30 ileile kila siku, lakini mwilini inaelekea 60. Ni ndoo yenye tundu dogo inayoongezwa maji kila asubuhi. Wakishaifanya hesabu hii kwa mkono wao, huhitaji kuwalazimisha kukariri kwamba tunaanza kati ya miligramu 10 na 30, kwamba tunapandisha kidogo kidogo na kusubiri siku kadhaa kabla ya kupandisha tena, au kwamba mtu anaweza kufa siku ya nne kwa dozi ambayo siku ya kwanza ilimwacha na arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa unga.

Shinikizo litakuja tu. Mteja atasema, "Sista, haijanishika," na atakuwa anasema kweli. Hapo namhofia zaidi muuguzi mwenye huruma kuliko yule mkali, kwa sababu mwenye huruma ndiye atakayemwita daktari aongeze. Kwa hiyo igizeni mazungumzo hayo mara nyingi, mmoja awe mteja anayetetemeka, mwingine ajifunze kusema: "Najua bado inauma. Ya jana haijaisha, na ya leo inapanda juu yake. Uje kesho tukupime tena." Sentensi kama hiyo haimjii mtu mdomoni bila mazoezi.

Kuna upande wa pili pia. Wapo wahudumu wanaoogopa kupandisha daima. Mteja anakaa kwenye miligramu 40 miezi na miezi, bado anavuta kete jioni, na kwenye faili anaandikwa "hana ushirikiano". Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Mteja asiyetulia muulize kwanza kama dozi inamfikisha asubuhi ya pili, kabla hujaanza kumshauri kuhusu nia ya kuacha.

Kupima arosto kufundisheni kwa macho. Mtu anaweza kulalamika uongo, lakini hawezi kuigiza mboni zilizotanuka, vinyweleo vilivyosimama, makamasi na miayo isiyokatika. Akisema ana arosto huku mboni zimebana na kichwa kinainama, dalili za mtu ambaye tayari amelewa unga au methadoni, usimpe. Mkalishe mahali unapomwona. Aliyekunywa pombe au kumeza Valium, kidonge cha kutuliza, naye asubiri, kwa sababu vitu hivyo pamoja na methadoni huzima pumzi. Naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini au methadoni, kila mshiriki aishike na kufanya mazoezi kwenye mdoli, na aambiwe jambo ambalo wengi hawalijui: nguvu yake huisha ndani ya saa moja na nusu hivi, mara nyingi mapema zaidi, wakati methadoni bado ipo. Mtu aliyezinduliwa akasema yuko sawa na kuruhusiwa kwenda nyumbani anaweza kuzimika tena njiani.

Ningeambiwa nibakize mada moja tu ya dawa kukutana na dawa, ningebakiza kifua kikuu. Wateja wetu huugua kifua kikuu mara nyingi, na rifampisini, mojawapo ya dawa zake, hulifanya ini livunje methadoni haraka kuliko kawaida. Mtu aliyekuwa ametulia kabisa anaanza dawa za kifua kikuu, na baada ya siku chache jasho linamtoka alfajiri, mifupa inauma, halali. Anarudi maskani. Kliniki inasema "amerudia", ndugu wanasema tulijua tu, na mara nyingi anaacha dawa zote mbili. Kumbe ilihitajika kumpandishia methadoni tangu arosto ilipoanza kujitokeza, baada ya kumpima. Efavirenzi, waliyokuwa wakiitumia wengi wenye virusi vya UKIMWI, ina tabia hiyohiyo, dolutegraviri iliyoshika nafasi yake haina. Kwa hiyo mshiriki azoee kumuuliza kila aliyeyumba ghafla: umeanza dawa gani? Na asisahau safari ya kurudi. Rifampisini ikiisha, ini hurudia mwendo wake ndani ya wiki chache, na dozi iliyopandishwa inakuwa kubwa mno. Tarehe ya kumaliza dawa za kifua kikuu iandikwe kwenye kadi ya methadoni siku ileile zinapoanza.

Waliokosa dozi nao wana hesabu yao. Mtu amekamatwa Ijumaa, ametoka mahabusu katikati ya wiki, anataka miligramu zake 90. Mwili umeshaanza kusahau. Akikosa siku tatu mfululizo au zaidi apimwe upya na dozi ishuke. Akikosa muda mrefu anaanza karibu na mwanzo. Atakasirika. Igizeni hilo pia.

Kuhusu mjamzito nitasema kwa ufupi, ingawa ndiko wahudumu wengi hukosea kwa nia njema: usimkatishe methadoni. Arosto ya mama ni hatari kwa mimba, na miezi ya mwisho huenda akahitaji dozi zaidi. Mkunga wa wodi ya uzazi aalikwe kwenye mafunzo, maana mtoto anaweza kuzaliwa na arosto yake, na inatibika.

Ndugu, na wakati mwingine shehe au mchungaji, watauliza kama hamjambadilishia mtu unga kwa unga mwingine. Swali ni halali, washiriki wajiandae nalo. Mimi hujibu kwa mambo yanayoonekana: hajidungi, haibi, analala usiku, anaenda kazini. Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata, leo ipo hata Itega kule Dodoma, na Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Kwa mzazi, hata hivyo, hoja ya orodha haina uzito. Kijana wake akirudi mezani kula na wenzake, maswali hupungua yenyewe.

Mwisho ni nani aitwe. Barua za mwaliko huenda kwa daktari, mfamasia na muuguzi. Ongeza mlinzi na mtunza kumbukumbu, hata kwa siku moja. Mlinzi ndiye mtu wa kwanza mteja kukutana naye. Akimfokea getini, au akiwaruhusu wauza kete wasimame mlangoni, dozi yako nzuri haina mtu wa kuinywa. Omba pia waje wawili kutoka kila kituo, kwa sababu uhamisho hautakusubiri. Umemnoa muuguzi mmoja, mwezi ujao yuko wodi ya watoto wilaya nyingine, na dirisha limeshikwa na mtu ambaye hajui hata kusoma mboni.

Na usiwaache hivihivi siku ya vyeti. Fungua kundi la WhatsApp, weka sharti la kutotaja jina wala picha ya mteja, na mtu mwenye uzoefu ajibu siku hiyohiyo. Maswali yanayoingia humo yanakili kwenye daftari, yatakuwa ratiba ya mafunzo yajayo. Kwangu linaloongoza ni la rifampisini, likifuatiwa na la mteja aliyelewa.